TRINIDAD: KISIWA CHA FUKWE, PILAU NA NGOMA ZA MUHARRAM

WATU wengi hapa kwetu wakisikia habari za visiwa vya Bahari ya Karibi, fikira zao huenda moja kwa moja kwenye picha za makampuni ya utalii: mchanga mweupe, mnazi ulioinamia maji, na mgeni wa Kizungu aliyejilaza kivulini akinywa dafu. Kwa mtu wa Mombasa, Malindi au Lamu picha hizo hazina ugeni wowote. Mchanga tunao, minazi tunayo, na wageni wa namna hiyo tumewazoea tangu zamani. Basi mtu atauliza, kuna haja gani ya kuvuka bara zima la Afrika na Bahari ya Atlantiki kwenda kutazama kitu ambacho akifungua dirisha lake anakiona?

Jibu ni kwamba miongoni mwa visiwa hivyo kimo kimoja, jina lake Trinidad, ambacho Mwislamu wa pwani yetu akifika atakuta mambo mengi atakayoyatambua kana kwamba ameyaacha nyumbani jana. Huko watu hupika pilau kwa mbaazi. Huko siku ya Idi-ul-Fitri ni siku ya mapumziko kwa taifa zima. Na huko, kila ufikapo mwezi wa Muharram, maelfu ya watu hujaa barabarani kusindikiza makuba ya mianzi na karatasi kwa kumbukumbu ya Imam Hussein, mjukuu wa Mtume (S.A.W.). La ajabu ni kwamba wengi wa watu hao si Waislamu.

Makala haya yataeleza kisiwa hicho, hali yake ya hewa, fukwe zake, vyakula vyake na sherehe zake. Lakini pia yataligusa swali ambalo sisi wenyewe huku pwani hatuwezi kulikwepa: jambo la dini likishageuka kuwa kivutio cha watalii, ni la nani tena?

MAHALI KILIPO

Trinidad kiko kwenye ncha ya kusini ya ule msururu wa visiwa vya Karibi, karibu sana na nchi ya Venezuela. Mahali penye wembamba, bahari iliyopo katikati ni kama kilomita 11 tu. Pamoja na ndugu yake mdogo, Tobago, visiwa hivyo viwili ni jamhuri moja iliyopata uhuru kutoka kwa Waingereza tarehe 31 Agosti 1962, mwaka mmoja na miezi michache kabla ya Kenya. Wakazi wake wote ni kama milioni 1.4, na mji mkuu ni Port of Spain.

Mombasa iko nyuzi nne kusini mwa ikweta. Port of Spain iko nyuzi kumi na nusu kaskazini yake. Kwa hiyo joto la huko ni lile lile tulijualo: mchana hufika nyuzi 30 au zaidi kidogo, na usiku hushuka mpaka nyuzi 22 au 23. Tofauti kubwa ni upepo. Wenzetu hawana zamu ya kaskazi na kusi kama sisi. Wao huvumiwa na upepo utokao kaskazini-mashariki karibu mwaka mzima, ukipoza jua. Kiangazi chao ni kuanzia Januari hadi Mei, na mvua hunyesha kuanzia Juni hadi Desemba. Tufani zile kubwa zinazobomoa visiwa vya kaskazini, mara nyingi hupita mbali na Trinidad, ingawa Tobago ilipigwa vibaya na tufani iliyoitwa Flora mwaka 1963.

Saa zao ziko nyuma yetu kwa saa saba. Wakati sisi tunajitayarisha kwa swala ya Adhuhuri, wao ndio kwanza wanaamka kwa ya Alfajiri. Na kuhusu swala, msafiri akumbuke jambo moja. Sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini, kwa sababu mji wetu na Makka uko karibu katika mstari mmoja. Trinidad kibla ni upande wa mashariki, ukipinda kidogo kaskazini.

JINSI WATU WALIVYOFIKA

Columbus alikiona kisiwa hiki mwaka 1498, katika safari yake ya tatu, akakipa jina la Kihispania lenye maana ya Utatu. Wenyeji waliokuwapo waliangamia wengi kwa maradhi na mateso. Wahispania walikitawala kwa karibu miaka mia tatu bila ya kukishughulikia sana, mpaka mwaka 1783 walipowakaribisha walowezi wa Kifaransa waje na watumwa wao kulima miwa. Waingereza wakakiteka mwaka 1797. Ndiyo maana hata leo majina ya mahali huko ni mchanganyiko: San Fernando ni la Kihispania, Grande Riviere ni la Kifaransa, na St James ni la Kiingereza.

Watumwa hao walitolewa Afrika ya Magharibi, na baadhi yao walikuwa Waislamu wa kabila la Mandingo, watu waliojua kusoma na kuandika Kiarabu. Kiongozi wao mmoja mjini Port of Spain aliitwa Jonas Mohammed Bath. Yeye na wenzake walichanga fedha zao kidogo kidogo wakawanunulia uhuru ndugu zao wengine, na katika miaka ya 1830 wakaiandikia serikali ya Uingereza wakiomba warudishwe Afrika kwao. Hawakurudishwa. Lakini jambo hili latosha kutuonyesha kwamba Uislamu ulifika kisiwa hicho ukiwa na minyororo miguuni, kabla ya Mhindi wa kwanza kukanyaga huko.

Utumwa ulipokomeshwa, wenye mashamba waliona hawana watu wa kukata miwa. Wakaigeukia India. Tarehe 30 Mei 1845 merikebu iitwayo Fatel Razack ilitia nanga Port of Spain ikiwa na Wahindi zaidi ya 200. Jina hilo, lililopotolewa katika vitabu vya Waingereza, asili yake ni Kiarabu: Fat-h al-Razzaq, yaani ushindi wa Mwenye kuruzuku. Kati ya mwaka huo na 1917 Wahindi kama 144,000 walipelekwa Trinidad kwa mkataba wa kufanya kazi miaka kadhaa. Wengi wao walikuwa Mabaniani, na wachache Waislamu. Msomaji wa Kenya asiione habari hii kuwa ngeni. Mtindo huo huo wa mkataba ndio uliowaleta Wahindi kama 32,000 kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria kati ya 1896 na 1901.

FUKWE ZAKE

Ufuo unaopendwa zaidi na wenyeji wa Trinidad ni ule wa Maracas, ulio katika ghuba iliyozungukwa na milima ya kijani upande wa kaskazini. Maji yake yana mawimbi makubwa, hayakutulia kama maji ya ndani ya miamba yetu ya matumbawe. Asiyejua kuogelea hufaa azitazame bendera za walinzi kabla ya kujitosa.

Barabara ya kwendea Maracas ina kisa chake. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Waamerika walipewa rasi ya Chaguaramas kuwa kambi ya manowari zao. Wenyeji wakafungiwa fukwe walizokuwa wakipumzikia siku zote. Manung'uniko yalipozidi, jeshi la Amerika likawachongea barabara milimani, iliyokwisha mwaka 1944, ili wapate kuifikia bahari ya upande wa pili. Kwetu, ambako mara kwa mara twasikia kilio cha wavuvi na wananchi waliozibiwa njia ya kwenda baharini, kisa hiki chafahamika bila ya tafsiri. Angalau hao walidai wakapata njia nyingine.

Upande wa mashariki ziko fukwe ndefu za Manzanilla na Mayaro, ambako gari hupita kwa kilomita nyingi katikati ya minazi, bahari ikiwa mkono mmoja na kinamasi mkono wa pili. Kaskazini-mashariki, huko Matura na Grande Riviere, kuanzia Machi hadi Agosti hupanda kasa wa aina iliyo kubwa kupita zote duniani, wakafukua mchanga usiku na kutaga. Zamani walichinjwa ovyo. Siku hizi wanavijiji wenyewe ndio wanaowalinda na kuwaongoza wageni kwenda kuwatazama, na hupata riziki zaidi kwa kasa aliye hai kuliko walivyopata kwa nyama yake.

Anayetaka maji matulivu na mchanga mweupe kama wa Diani, mahali pake ni Tobago. Ufuo wa Pigeon Point na mwamba wa Buccoo, unaotembelewa kwa mashua za kioo chini, ndivyo vilivyoipa Tobago sifa. Na mbali na bahari, Trinidad ina ziwa la lami huko La Brea, lenye ukubwa wa kama hekta 40, ambalo mtu hutembea juu yake. Pia kuna kinamasi cha Caroni chenye mikoko kama ya Lamu, ambako jioni ndege wekundu kama damu hurudi kwa mamia kulala mitini.

CHAKULA CHA KUTAMBULIKA

Ukitaka kujua watu wametoka wapi, angalia sufuria zao. Trinidad kuna chakula kiitwacho pelau, na jina hilo si jingine ila pilau. Wao hukaanga sukari mpaka iungue, wakaipaka rangi nyama au kuku, kisha wakatia mchele, mbaazi na tui la nazi, vyote katika chungu kimoja. Bizari yetu haimo, lakini mbaazi na nazi zimo.

Asubuhi watu husimama barabarani wakila kitu kiitwacho doubles. Ni vikate viwili laini vilivyokaangwa, katikati vikatiwa chana, ile ile ya chana bateta ya Mombasa, na pilipili na achari juu yake. Chakula hiki kilianzishwa na familia za Kihindi katika miaka ya 1930, na siku hizi huliwa na kila mtu, awe tajiri au mpagazi. Katika ufuo wa Maracas watu hula papa aliyekaangwa ndani ya mkate unaofanana na hamri lisilo sukari, ingawa watetezi wa wanyama wa bahari wanawahimiza wauzaji watumie samaki wengine, kwa kuwa papa wanapungua. Nyumba za Waislamu, siku ya Idi, hupika sawine, yaani tambi za maziwa, sukari na zabibu. Mama yeyote wa Mji wa Kale akionjeshwa hatauliza ni nini.

Walakini mgeni awe mwangalifu na mchuzi uitwao callaloo. Ni majani ya majimbi yaliyopikwa kwa bamia na tui, na utamu wake hausemeki, lakini wako wanaotia nyama ya nguruwe. Kuuliza si ujinga. Maduka na mikahawa ya halali ni mingi.

KANIVALI NA NGOMA ZA MAPIPA

Hakuna anayeweza kueleza Trinidad akaacha kutaja Kanivali. Hufanywa Jumatatu na Jumanne kabla ya Wakristo kuanza mfungo wao wa Kwaresima, kwa hiyo huangukia Februari au Machi. Kabla ya alfajiri ya Jumatatu watu hutoka wamejipaka matope na rangi, na Jumanne makundi makubwa hupita yamevaa mavazi ya kupendeza yenye manyoya na vito vya bandia. Nyimbo za kalipso, zilizowataja kwa kejeli wakubwa wa serikali kama wafanyavyo malenga wetu, zilikulia humo.

Ni wajibu kusema kweli. Kanivali ya leo ina ulevi mwingi, na mavazi ya wengi ni haba. Waislamu wa huko wengi huziepuka siku hizo mbili, na jumuiya za dini mbalimbali huwachukua vijana wao katika makambi ya mafunzo. Mwaka 2025 Kanivali iliangukia siku za mwanzo za Ramadhani, na kila mmoja akashika njia yake: huku mapipa yakilia, kule futari ikiandaliwa.

Lakini asili ya Kanivali ina somo. Waliokuwa watumwa walipopata uhuru waliigeuza sherehe ya mabwana zao wa Kifaransa kuwa yao, wakatembea usiku kwa mienge na ngoma. Mwaka 1881 polisi walijaribu kuwazuia, yakatokea mapigano makubwa Port of Spain. Baada yake serikali ikapiga marufuku ngoma za ngozi mabarabarani. Watu hawakunyamaza. Walikata vipande vya mianzi wakavigonga chini. Katika miaka ya 1930 wakageukia makopo ya biskuti na vyuma vya magari. Baada ya Vita Vikuu vya Pili wakachukua mapipa ya mafuta ya lita mia mbili, wakayakata na kuyafinyanga kwa nyundo mpaka kila tundu likatoa sauti yake. Vijana hao walidharauliwa na kuitwa wahuni. Mwaka 1951 kikundi chao kilialikwa kupiga London, mwaka 1992 pipa likatangazwa kuwa ala ya taifa, na mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ukaitenga tarehe 11 Agosti kuwa siku yake duniani. Aliyekatazwa ngoma akaifanya takataka iimbe.

HOSAY, MAOMBOLEZO YA BARABARANI

Sherehe ya pili, na ndiyo itakayomgusa zaidi msomaji wetu, huitwa Hosay. Jina hili latokana na mlio wa waombolezaji wakimtaja Hussein. Ililetwa na Wahindi wa mkataba, na ilikwisha kuonekana katika mashamba ya miwa miaka ya 1850. Hufanywa hasa St James, mtaa wa Port of Spain, na Cedros, kijiji cha kusini kabisa.

Familia chache ndizo zinazoirithi kazi hiyo, baba kwa mwana. Muharram ukiandama, mafundi hujifungia katika viwanja vyao wakijenga tazia, wenyewe huita tadjah, yaani mfano wa kaburi la Imam. Hutumia mianzi, mbao, karatasi za rangi na vioo, na tazia huwa ndefu kupita kimo cha watu wawili. Aingiaye uwanjani huvua viatu. Siku hizo mafundi hufunga, hawagusi nyama wala pombe. Usiku wa kwanza wa maandamano hutolewa bendera, wa pili hutolewa tazia ndogo, na wa tatu tazia kubwa. Mbele yake hupita miezi miwili iliyochukuliwa mabegani na wacheza: mmoja wa kijani kwa ajili ya Imam Hassan aliyeuawa kwa sumu, na mwingine mwekundu kwa damu ya Imam Hussein. Miezi hiyo hukutanishwa, kana kwamba ndugu wawili wanakumbatiana.

Ngoma zao, ziitwazo tassa, ni za udongo zilizowambwa ngozi ya mbuzi, na hukaushwa kwenye moto kabla ya kupigwa, kama tufanyavyo na ngoma zetu. Yapo mapigo ya msiba na mapigo ya vita. Sherehe ikiisha, tazia zile zilizogharimu fedha na usingizi wa watu hupelekwa ufukweni zikatoswa baharini. Mwaka ujao huanzwa upya.

DAMU YA MWAKA 1884

Mambo haya hayakufika leo kwa urahisi. Katika miaka ya 1880 Waingereza waliingiwa na hofu. Walikuwa wametoka kuzima ngoma za Waafrika, na sasa wakawaona maelfu ya Wahindi wakiandamana, Mabaniani pamoja na Waislamu, na Waafrika wakiwasaidia kupiga tassa. Mwaka 1884 serikali ikaamuru maandamano yasiingie mjini. Wafanyakazi wakaandika maombi wakiomba amri hiyo iondolewe, na aliyeongoza maombi hayo alikuwa Baniani aitwaye Sookoo. Wakakataliwa.

Tarehe 30 Oktoba 1884 watu wa mashamba walizichukua tazia zao wakaelekea mji wa San Fernando kama walivyozoea kila mwaka. Kwenye njia za kuingilia mjini walikuta polisi na askari wenye bunduki. Amri ya kutawanyika ilisomwa kwa Kiingereza, mbele ya watu wengi wasiokijua, na ngoma zinalia. Kisha risasi zikafyatuliwa. Hesabu inayotajwa sana na wanahistoria ni watu 16 waliokufa na zaidi ya 100 waliojeruhiwa. Mchunguzi aliyetumwa baadaye, Sir Henry Norman, gavana wa Jamaica, hakuwalaumu waliofyatua.

Kwa hiyo mjukuu wa watu hao anapoibeba tazia leo, habebi msiba wa Karbala peke yake.

MABISHANO

Hata hivyo, si kila Mwislamu wa Trinidad anayeikubali Hosay. Waislamu wa huko ni kama watano katika kila watu mia, na wengi wao ni Masunni. Kwa miaka mingi wanavyuoni wao wamesema kwamba tazia ni bidaa, kwamba msiba haupigiwi ngoma, na kwamba mgeni akiiona Hosay atadhani Waislamu nao wana Kanivali yao. Hoja hii haina upungufu wa ushahidi. Nje ya viwanja vile vitakatifu, watazamaji wengi hunywa pombe na kucheza nyuma ya tazia, na vitabu vya utalii huitaja Hosay katika orodha moja na dansi.

Familia zenyewe hulalamika kuliko mtu mwingine yeyote. Wao husema: hii ni nadhiri tuliyoachiwa na wazee wetu, sisi ndani twafunga na kuswali, anayelewa barabarani si wetu. Wengine huongeza kwamba wako Mabaniani na Wakristo wanaoweka nadhiri zao kwa Imam Hussein na kuleta sadaka kila mwaka, na hawawezi kuwafukuza watu waliokuja kwa heshima kwa sababu ya wale waliokuja kwa ulevi.

Mabishano haya tunayajua. Habib Swaleh alipoanza kusoma Maulidi kwa matari huko Lamu, wako wakubwa waliompinga. Leo Maulidi ya Lamu huwavuta watu kutoka pande nyingi, na kando ya visomo vya Riyadha kuna mbio za punda na mashindano ya mashua, na wageni wenye kamera. Mpaka sasa matari hayajazamishwa na kamera. Lakini hakuna aliyetupa dhamana kwamba hayatazamishwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji ageuke mtumbuizaji.

Serikali iliyowapiga risasi waombolezaji haipo tena, na iliyoshika mahali pake huwakaribisha wageni waje kutazama. Amri ya 1884 ilitaka kuizuia tazia isiingie mjini, ikashindwa. Makofi ya watazamaji hayaizuii, ila yanaweza kuisahaulisha inakotoka. Hili la pili ni gumu zaidi kupigana nalo, kwa sababu linakuja likitabasamu na fedha mkononi.

UISLAMU WA HUKO LEO

Msafiri asidhani kwamba Uislamu wa Trinidad ni tazia tu. Huko St Joseph uko msikiti mkubwa wa Jinnah, uliojengwa mwaka 1954, wenye kuba na minara miwili. Skuli za Kiislamu ziko nyingi, na wahitimu wake hushika kazi kubwa kubwa. Kuanzia 1987 hadi 1997 Rais wa nchi alikuwa Noor Hassanali, jaji Mwislamu, na yeye ndiye Mwislamu wa kwanza kuwa mkuu wa nchi katika bara la Amerika. Katika miaka yake kumi hakutoa pombe katika dhifa za Ikulu, ndani ya nchi inayosifika kwa ramu, na wananchi wa dini zote wakamheshimu kwa hilo.

Pia yalitokea ya kuhuzunisha. Tarehe 27 Julai 1990 kundi moja la Waislamu wenye silaha liliivamia Bunge na nyumba ya televisheni, likamshika mateka Waziri Mkuu. Baada ya siku sita walijisalimisha, na watu wapatao 24 walikuwa wamekufa. Jumuiya kubwa za Kiislamu zilijitenga nao, lakini doa hilo liliwachukua Waislamu miaka mingi kulifuta.

KWA ANAYETAKA KWENDA

Hakuna ndege ya kutoka Kenya moja kwa moja. Msafiri hubadilisha ndege Ulaya au Amerika, na safari humchukua zaidi ya siku moja. Dola moja ya Marekani hupata dola za huko karibu saba. Magari huendeshwa upande wa kushoto kama kwetu, na matatu zao, ziitwazo maxi taxi, zimechorwa mstari wa rangi kuonyesha ziendako: manjano, nyekundu, kijani. Lugha ni Kiingereza, ingawa cha mtaani kitamtaka mgeni ategue sikio.

Uhalifu wa kutumia bunduki umezidi, na serikali ilitangaza hali ya hatari mwishoni mwa 2024 na tena 2025. Mgeni asitembee ovyo usiku, na aulize wenyeji mitaa ya kuepuka.

Anayependa bahari na jua, wakati wake ni Januari mpaka Mei. Asiyetaka makelele ya Kanivali aitazame kalenda ya Wakristo kwanza. Anayetaka kuona Hosay aitazame ya kwetu, kwani hufuata mwezi. Na akifika St James usiku ule, avue viatu mlangoni pa uwanja, aombe ruhusa kabla ya kupiga picha, na akisikia tassa zimebadilika pigo aulize ni pigo la nini. Wazee wa pale hupenda kuulizwa. Siku ya mwisho aende nao mpaka ufukweni tazia zinapotoswa. Bahari ni ile ile wanayoogelea wageni wengine, lakini yeye atakuwa ameijua kwa jambo ambalo halimo katika picha za makampuni ya utalii.